Maisha ya Amiri Zheng He, na Mazingatio kwa Wanaopokea Wageni Wakubwa

Ama baad. Tumeulizwa na wanafunzi wa darasa letu la Kibera, na ndugu zetu wa Kawangware wakatuuliza vivyo hivyo tulipowatembelea, suala moja lenye nyuso mbili. Wako waliosikia kwamba aliyeongoza marikebu za China hata pwani ya Afrika Mashariki zaidi ya miaka 600 iliyopita alikuwa mtoto wa Kiislamu, mwana wa haji, wakaona kuwa hiyo ni dalili tosha kwamba China ni rafiki wa kale asiyehitaji kuchunguzwa. Na wako wanaoyatazama madeni ya nchi yetu wakasema kuwa khabari za amiri huyo ni nguo nzuri ya kufunikia mzigo mzito. Makundi mawili hayo yamefika hata kununiana baada ya sala. Kila mmoja humtaja Zheng He kwa lile alipendalo, na wachache mno ndio wanaoyajua maisha yake.

Kwa hivyo tumeona yatupasa kuyaeleza maisha ya mtu huyu kama yalivyokuwa, bila ya kumtukuza kupita kadiri na bila ya kumdhulumu, kisha msomaji ahukumu mwenyewe.

NASABA YAKE NA KUZALIWA KWAKE

Alizaliwa mwaka 1371 katika jimbo la Yunnan, kusini-magharibi mwa China, mahali panapoitwa Kunyang. Jina lake la kuzaliwa ni Ma He, na hilo la Ma ni jina la ukoo ambalo Waislamu wengi wa China walilichukua. Nasaba yake yapanda hata kwa Sayyid Ajall Shamsuddin Umar, mtu wa Bukhara aliyewekwa na Wamongoli kuwa liwali wa Yunnan mwaka 1274, akajulikana kwa uadilifu na kwa kazi za maji na mashamba hata alipofariki mwaka 1279.

Babu yake Ma He na baba yake wote wawili waliitwa Haji, nalo si jina la bure katika nchi iliyo mbali na Makka kama ile. Basi mtoto huyu alikulia katika nyumba iliyojua kwamba ulimwengu haukuishia mwisho wa mlima wa kijiji chao. Kwamba ng'ambo yake kuna bahari, na ng'ambo ya bahari kuna watu wanaosali kama wao.

KUTEKWA KWAKE

Mwaka 1381 jeshi la ukoo wa Ming, ambao ulikuwa umewaondoa Wamongoli katika ufalme wa China, liliivamia Yunnan ili kuwamaliza waliobakia huko. Katika vita hivyo baba yake Ma He alikufa, naye bado ni kijana wa umri wa miaka 39. Mtoto akatekwa, umri wake miaka kumi au karibu ya hiyo. Akahasiwa, kama walivyofanyiwa mateka wengi wa kiume wakati ule, kisha akapelekwa kaskazini kumtumikia Zhu Di, mwana wa mfalme.

Twamuomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Mtu huyu ambaye leo hutajwa katika hotuba za urafiki baina ya mataifa, mlango wake wa kuingilia katika dola ile ulikuwa ni kifo cha baba yake na mwili wake kukatwa. Hakuchagua bendera aliyoibeba.

Na sisi wa Kibera haifai hilo litushangaze. Wazee wa Kinubi waliokianzisha kitongoji chetu walikuwa askari waliotolewa Sudan, wakapigana vita vya Waingereza katika nchi zisizokuwa zao, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 wakaambiwa wakae katika msitu huu. Walitumikia kwa uaminifu, lakini hati ya ardhi hawakupewa. Wajukuu wao ndio walioipokea hati ya ekari 288, mwaka 1717 ulipokwisha kupita kwa miaka mia tatu, yaani mwaka 2017. Anayewajua wazee hao anajua kuwa mtu aweza kuwa hodari, mwaminifu na mwenye dini, na bado kazi yake ikawa ni kazi ya dola ya mtu mwingine.

KUPANDA KWAKE CHEO

Ma He alikua akawa mtu mwenye akili na ushujaa, akawa karibu sana na bwana wake. Mwaka 1399 Zhu Di alimpiga vita mfalme aliyekuwa mtoto wa ndugu yake, na mwaka 1402 akautwaa ufalme, akaitwa Yongle. Katika vita hivyo Ma He alionyesha uhodari mkubwa, na mwaka 1404 mfalme akampa jina jipya la heshima, Zheng. Tangu hapo akaitwa Zheng He, na mwaka uliofuata akapewa marikebu aziongoze.

Yafaa ikumbukwe kuwa mfalme huyu aliupata ufalme kwa kuupora. Mtu aliyepora hutafuta mashahidi wa kusema kwamba ni haki yake, na mashahidi wanaotoka mbali huwa na uzito zaidi. Hilo ndilo lililokuwa moja katika makusudio ya safari hizi, pamoja na biashara na kuonyesha nguvu.

SAFARI ZAKE

Safari zilikuwa saba, baina ya mwaka 1405 na 1433. Ya kwanza ilikuwa na watu zaidi ya 27,000: mabaharia, askari, waganga, waandishi na wakalimani. Katika wakalimani wa safari hizi walikuwamo Waislamu. Mmoja wao ni Ma Huan, aliyeandika kitabu juu ya nchi alizoziona, na mwengine ni Hasan, imamu wa msikiti mmoja wa Xi'an. Marikebu zilipita Champa, Java, Malaka na Ceylon hata Calicut ya Bara Hindi. Safari za baadaye zikafika Hurmuz, kisha Aden, Mogadishu, Barawa na Malindi.

Siasa ya mfalme ilikuwa hivi. Kila mtawala aliyekubali kuleta hedaya na kumtambua mfalme wa China kuwa ndiye mkubwa, alirudishiwa hariri, vyombo vya kauri na heshima, mara nyingi kwa thamani iliyopita ile aliyoitoa. China haikuchukua mashamba ya watu wala haikuweka maliwali wake katika bandari hizi. Katika jambo hili safari zake hazifanani na za Wareno waliokuja baadaye, na mwenye kusema kwamba zote ni mamoja hakuisoma tarehe.

Lakini pia si kweli kwamba marikebu hizo zilibeba hariri tupu. Mwaka 1407 Zheng He alipigana na Chen Zuyi, Mchina aliyekuwa haramia na mtawala huko Palembang. Watu zaidi ya 5,000 waliuawa, na Chen Zuyi akapelekwa Nanjing akachinjwa. Katika safari ya tatu aligombana na Alakeshvara, mtawala wa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Akamshinda, akamteka pamoja na jamaa zake, akamfikisha mbele ya mfalme mwaka 1411. Mfalme alimsamehe akamrudisha kwao, lakini China ilikwisha kumtaka mtu mwingine akae mahali pake.

Ajabu ni kwamba katika kisiwa hicho hicho Zheng He aliacha jiwe lililoandikwa mwaka 1409 kwa lugha tatu: Kichina, Kitamil na Kiajemi. Kwa kila lugha limetaja sadaka kwa wenye dini yake, Mabuda, Mabaniani na Waislamu. Jiwe hilo lilionekana Galle mwaka 1911. Basi kisiwa kimoja kilipata jiwe la ukarimu na vita katika muda wa miaka miwili. Aliyelishika jiwe akasahau vita ameipunguza khabari, na aliyevishika vita akasahau jiwe naye ni hivyo hivyo.

Na Malaka ilipata faida kubwa. Ulikuwa mji mdogo unaoitishwa na wafalme wa Siam. Mtawala wake alikwenda mwenyewe China mwaka 1411, akapata himaya, na chini ya kivuli hicho mji ukakua ukawa bandari kubwa ya Kiislamu.

TWIGA WA MALINDI

Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika China na hedaya ya twiga. Wachina walikuwa na masimulizi ya kale juu ya mnyama wa baraka aitwaye qilin, ambaye haonekani ila zama za mfalme mwadilifu. Twiga akaambiwa kuwa ndiye huyo. Mfalme Yongle akatoka kwenda kumpokea, na wakubwa wa baraza wakamsifu. Wajumbe hao walirudishwa makwao katika safari ya tano, iliyotoka mwaka 1417, na ndiyo iliyozileta marikebu za China pwani yetu.

Hebu tulifikiri. Watu wa Malindi walidhani wametoa mnyama wa porini. Kule alikopelekwa, mnyama yule akawa shahidi wa mtu aliyempora mtoto wa ndugu yake. Hedaya yetu iliingia katika hesabu ambayo sisi hatukuwa tukiijua. Hatusemi kuwa Malindi walifanya vibaya kutoa hedaya. Kutoa hedaya ni katika mila njema. Twasema kwamba dola kubwa, iwe ya mashariki au ya magharibi, huanza kuhesabu nyumbani kwake.

Na lipo la kutuumiza zaidi. Khabari hii yote twaisoma katika vitabu vyao. Waliandika mwaka, wakaandika hedaya, wakamchora hata twiga. Upande wetu hatuna karatasi moja ya Malindi ya zama zile ituelezayo wazee wetu walitaka nini, walipewa nini, na walirudi na shauri gani. Imetubidi tuchimbe ardhi. Sarafu ya mfalme Yongle iliyopatikana Mambrui mwaka 2010, na nyingine iliyopatikana kisiwani Manda mwaka 2013, ndizo zisemazo kwa niaba yetu.

DINI YAKE

Wengi hutuuliza kama alikufa Muislamu. Tunayoyajua ni haya. Mwaka 1417 alizuru makaburi ya Waislamu huko Quanzhou kabla ya kusafiri. Mwaka 1430 aliombea ruhusa msikiti wa Nanjing uliokuwa umeungua ujengwe upya. Na katika safari ya saba baadhi ya watu wake walifika Makka. Lakini pia mwaka 1431 alisimamisha mawe ya kumshukuru mungu wa kike ambaye mabaharia wa China walimuomba awalinde, na alitoa mali kwa ajili ya ibada za Mabuda.

Sisi hatuwezi kuyatetea hayo ya pili, wala hatutayaficha kwa sababu yanatuudhi. Ilmu haijengwi kwa kuficha. Alikuwa mateka tangu utotoni, katika nyumba ya mfalme asiyekuwa wa dini yake, na mambo ya moyo wake ayajua Mola wake. Linalotupasa ni kutolifanya jina lake kuwa hoja ya siasa. Uislamu wa nahodha haukuifanya siasa ya mfalme kuwa ya Kiislamu, na dini ya mjumbe haimwambii mtu yaliyomo katika barua aliyotumwa.

KUFA KWAKE NA KUFUNGWA KWA BAHARI

Mfalme Yongle alikufa mwaka 1424 akiwa vitani na Wamongoli. Mwanawe aliyemrithi alizisimamisha safari mara moja, kwani gharama zilikuwa kubwa na washauri wake waliona kuwa mali inapotea baharini. Zheng He akawekwa kuulinda mji wa Nanjing. Mfalme aliyefuata akampa ruhusa ya safari moja ya mwisho, iliyotoka mwaka 1431 ikarudi mwaka 1433. Juu ya kufa kwake zimo kauli mbili: iliyo mashuhuri ni kwamba alifariki mwaka 1433 katika safari hiyo, na nyingine yasema ni mwaka 1435 huko Nanjing. Kaburi lililotengenezwa kwa ajili yake huko lilijengwa upya mwaka 1985 kwa mtindo wa Kiislamu.

Baada yake marikebu kubwa hazikuja tena. Bandari zilizozoea kuzipokea zilingoja, na hapana mfalme aliyeombwa radhi wala kuelezwa sababu. Mwaka 1498 zilipokuja marikebu kubwa Malindi, zilikuwa za Vasco da Gama. Na Malaka, iliyokua chini ya kivuli cha China, ilitekwa na Wareno mwaka 1511, wala hapana jeshi lililotoka China kuja kuiokoa. Walichotegemea kilikatwa katika baraza ambalo wao hawakuwa na kiti ndani yake.

MAZINGATIO

Jina la Zheng He limerudi tena katika zama zetu. Mwaka 2005, ilipotimia miaka 600 ya safari yake ya kwanza, msichana mmoja wa Siyu alialikwa China kusoma, kwa masimulizi ya huko kwamba ana damu ya mabaharia wa Kichina. Mwaka 2013 rais wa China, Xi Jinping, alimtaja amiri huyu mjini Jakarta katika hotuba aliyotangazia mpango wa njia mpya ya hariri ya baharini. Na katika mpango huo ndimo ilimohesabiwa reli yetu.

Hatupendi kusema jambo kwa upande mmoja. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi, ilijengwa na China baina ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo usiokuwa na riba, wakati mataifa ya magharibi yalipoikataa kazi hiyo. Wako Wachina waliofia katika kazi hiyo wakazikwa Tanzania. Wema huo haukanushiki. Na wakati ule China ilikuwa ikitafuta marafiki wa kuiunga mkono ipate kiti chake katika Umoja wa Mataifa, ikakipata mwaka 1971. Haja ya mgeni na haja ya mwenyeji zilikutana, na Mwalimu Nyerere aliijua haja yake kabla ya kwenda kuomba.

Reli ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017. Sisi wenyewe tumepanda gari hilo asubuhi Nairobi na Alasiri tukaisali Mombasa, nasi hatuwezi kusema kuwa si neema. Lakini mikopo yake, pamoja na ya kuifikisha Naivasha mwaka 2019, ni kama dola bilioni 5 za Kimarekani, na ina riba. Ilikusudiwa ifike mpaka wa Uganda; ikasita Naivasha kwa miaka, kwa kuwa wenye kukopesha walizuia mkono. Na mikataba ya mikopo hiyo raia hawakuonyeshwa hata mwaka 2022, zilipotolewa baadhi ya karatasi zake. Yule wa Kawangware asiyepata kuipanda reli hiyo, na mama wa Kibera auzaye mboga kando ya reli ya zamani, wanalilipa deni hilo katika bei ya unga na mafuta.

Huko Sri Lanka nako, katika pwani ile ile ya kusini liliposimamishwa jiwe la lugha tatu, bandari ya Hambantota ilikodishwa kwa kampuni ya China mwaka 2017 kwa miaka 99. Wengi husema kuwa China iliinyang'anya. Kwa insafu, watawala wa kisiwa hicho ndio walioitaka bandari, na walikuwa na madeni makubwa kwa wengine pia. Aliyetia sahihi naye ana sehemu yake ya lawama.

Basi jawabu letu kwa makundi mawili ni hili. Anayesema China ni ndugu kwa sababu ya Zheng He, tumemwonyesha kwamba Zheng He alikuwa mtumishi wa siasa isiyokuwa yake. Anayesema China ni mkoloni kama wale wa kwanza, tumemwonyesha kwamba hakuacha ngome pwani yetu kama waliyoiacha Wareno Mombasa. Wote wawili wanamtazama mgeni, na mwenyeji hawamtazami. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo walivyosema wazee. Lakini mwenyeji asiyeujua ugonjwa wake, mgeni atamponyaje?

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, haikuja kwa ajili ya sala wala saumu. Imekuja kwa ajili ya deni: liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, wala watu wasichoke kuliandika likiwa dogo au kubwa. Umma ulioamrishwa hivyo, ni aibu kwake kudaiwa kwa karatasi ambayo hakuisoma. Yule anayetaka kuikataa China au kuikubali, na aanze kwa kuwadai viongozi wake mwenyewe waionyeshe karatasi.

Nasi tumeazimia kuanza na lililo mikononi mwetu. Kuanzia mwezi ujao, baada ya darasa la fiqhi, vijana wa Kibera na wa Kawangware watasoma hesabu ya deni na riba kwa mifano ya nchi yetu, na watafundishwa namna ya kuusoma mkataba. Kila mzee aliye na khabari ya ardhi yake, ya kazi aliyoifanya au ahadi aliyopewa, na aje aiseme iandikwe. Wazee wa Malindi walitoa twiga wasiandike neno. Sisi tusiwarithishe watoto wetu kimya kile.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuwaona wageni wetu kama walivyo, na ujasiri wa kujiona wenyewe kama tulivyo. Amin.